Kitanda Kinachosafiri: Mwongozo wa Kuunda Tela la Mashine ya Kupasulia Mbao

Mtu atokaye Kagoma kwa njia ya Biharamulo hufika Lusahunga, na hapo barabara yake huungana na njia kuu ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Akishika upande wa Rusumo ana takriban kilomita 92 mbele yake, na akigeukia Nyakanazi anaelekea Kahama na Isaka, au Kibondo na Kigoma. Katika pande zote hizo, nje kidogo ya lami, iko miti ya watu: safu ya mikaratusi katika bonde la huyu, nusu eka ya misindano katika mgongo wa kilima cha yule, migrevilea iliyopandwa mpakani mwa shamba la migomba la wa tatu. Miti hii ni mali njema, lakini imetawanyika, na katika wenyewe hapana mmoja aliye na magogo ya kutosha kumshawishi mwenye kiwanda ajenge karibu naye.

Hapo ndipo faida ya kuipeleka mashine kwenye mti, badala ya kuupeleka mti kwenye mashine, inapodhihirika. Gogo bichi la msindano lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa futi 12 lina ujazo unaokaribia nusu mita ya ujazo na uzito wa kilo 430 hivi, na katika uzito huo sehemu kubwa ni maji, magome, mabanzi na unga wa msumeno, vitu ambavyo hapana mtu atakayekulipa nauli yake. Mwenye kupasulia shambani huacha vyote hivyo palepale, akatoka na mbao tupu. Lakini ili apate faida hiyo yampasa awe na tela, na tela lenyewe liwe limeundwa kwa kazi hii makusudi, kwa kuwa matela ya kubebea maji, mahindi na matofali hayakukusudiwa kuwa benchi ya fundi.

Kosa la watu wengi ni kulifikiria tela kuwa ni gari. Hutafuta ekseli nene, matairi mapya na rangi ya kupendeza, ilhali safari ya kutoka shamba moja hadi jingine ni ya saa moja au mbili, na kazi ya kupasua mahali pamoja ni ya siku kadhaa. Katika siku hizo magurudumu hayana kazi yoyote. Chenye kazi ni kitanda, yaani zile reli mbili na vyuma vya kulalia gogo, ambavyo vikipinda kwa milimita tatu, mbao nazo hupotoka kwa kadiri iyo hiyo. Basi kanuni ya kwanza, ambayo nyingine zote katika mwongozo huu ni matawi yake, ni hii: tela la mashine ya mbao ni kitanda kwanza na gari baadaye, na uzito wa safari uchukuliwe na viungo mbali, na uzito wa kazi uchukuliwe na viungo mbali.

Ijue mashine kabla ya kununua chuma

Mashine ninayoikusudia hapa ni ile ya msumeno wa ukanda, ambayo kichwa chake chenye injini ya petroli hutembea juu ya reli, na gogo likalala kimya. Mashine za namna hii zilienea duniani tangu mapema katika miaka ya 1980, hasa baada ya kampuni ya Wood-Mizer kuanzishwa katika jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1982. Ubora wake umo katika wembamba wa msumeno. Ile mashine ya msumeno wa duara, ambayo watu wa Mufindi na Njombe huiita dingdong, hula aghalabu milimita 6 au zaidi katika kila pasuo. Ukanda hula 2 hivi. Katika gogo la kupasuliwa mara kumi, tofauti yake ni milimita 40, ambazo ni ubao mzima wa inchi moja na nusu uliogeuka vumbi.

Kabla hujaenda kwa muuza vyuma, pima mambo manne uyaandike. La kwanza ni uzito wa kichwa cha mashine pamoja na injini yake na mafuta. La pili ni upana kutoka gurudumu la kichwa la upande mmoja hadi la upande wa pili, maana upana huo ndio utakaoamuru upana wa fremu. La tatu ni urefu wa kichwa kwa upande wa mwendo wake. La nne ni urefu wa gogo refu utakalolipasua. Mbao zetu za sokoni ni za futi 12, yaani mita 3.66, kichwa cha mita moja hakina budi kupata nafasi ya kusimama kabla hakijaanza kukata na nafasi ya kumaliza baada ya kukata, na sentimita 60 za ziada kwa vizuizi na usalama, jumla inakuwa mita 5.26. Hesabu hii ina bahati njema, kwa kuwa vyuma vya fremu huuzwa kwa vipande vya mita 6, na kwa hiyo utaunda fremu nzima pasina kuunganisha chuma katikati. Chuma kilichoungwa katikati hukumbuka daima mahali kilipoungwa.

Fremu

Kwa mashine ambayo pamoja na tela lake itafika tani moja, mihimili miwili ya bomba la pembe nne, lenye milimita 100 kwa 50 na unene wa 4, yatosha. Iweke ile milimita 100 ikiwa wima. Chuma kilekile kikisimama hustahimili kupinda takriban mara tatu kuliko kikilala, na ustahimilivu huo umeupata bure. Dukani usikubali kuchaguliwa: inama mwisho wa kipande, fumba jicho moja, uutazame ukingo wake hadi mwisho wa pili kama atazamaye bunduki, chuma kilichopinda ghalani hujionyesha mara moja, na hapana fundi atakayekinyosha sawasawa baada ya kukilipia.

Vyuma vya kukingamana viwe kila baada ya sentimita 60, yaani kumi na kimoja kwa urefu wa mita 6. Juu ya baadhi yake ndiko gogo litakakolala, na nyuso zao zote hazina budi kuwa katika usawa mmoja.

Panga fremu juu ya vitalu vya mbao vilivyosawazishwa, wala usipange juu ya udongo. Pima mshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha upime mshazari wa pili. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, fremu imekwenda upande, nawe uirekebishe wakati bado haijapata moto. Kisha shikiza viungo vyote kwa nukta ndogo ndogo za kuchomelea, upime tena, ndipo uanze kumaliza mishono. Hapa subira ni ustadi. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa hujivuta kuelekea upande wa mshono. Fundi mwenye haraka, aanzaye mwisho mmoja akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa pili, humaliza akiwa na fremu iliyojikunja mithili ya jani kavu. Choma kiungo kimoja mbele, kingine nyuma, kingine kulia, kingine kushoto, na katikati yake uache chuma kipoe kwa hiari yake, bila kukimwagia maji.

Kuhusu fito za kuchomelea, zile zenye namba 6013 hupatikana katika kila duka na zinafaa kwa vyuma vya kukingamana. Mahali penye kubeba uzito wa safari, yaani vishikizo vya springi, mkono wa tela na kiungio, tumia fito za 7018, ambazo mshono wake ni imara zaidi na hauvunjiki upesi kwa mtikisiko. Lakini fito hizo hazipendi unyevu, na pakiti iliyokaa wazi msimu mzima wa mvua haifai tena mpaka ikaushwe kwa joto. Usichomelee bomba lililopakwa zinki kabla ya kuiondoa kwa jiwe, maana moshi wake ni sumu ya kukuletea homa usiku uleule.

Reli ya mashine usiichomelee katika fremu. Ifunge kwa bolti, matundu ya bolti yakiwa marefu kidogo, ili uweze kuinyanyua au kuishusha kwa kutia vipande vya bati chini yake. Fremu hata ikiundwa kwa uangalifu wote hupinda nywele moja au mbili baada ya kuchomelewa. Reli ya bolti itakuruhusu kuusahihisha upotofu huo, na mwaka ujao, baada ya mashimo ya njia kufanya kazi yake, itakuruhusu kuusahihisha tena.

Namna ya kuhakikisha unyofu wa reli haitaki kifaa cha gharama. Kata vipande vitatu vya mbao vyenye unene mmoja hasa. Weka kimoja juu ya reli mwanzoni na kingine mwishoni, kaza uzi mwembamba juu yao mpaka uzi ulie ukiguswa, kisha chukua kipande cha tatu ukipitishe chini ya uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipande kikiugusa uzi na kuusukuma, reli imepanda mahali hapo. Ukiona mwanga kati ya kipande na uzi, reli imeshuka. Tia alama ya chaki kila mahali penye kasoro, rekebisha, urudie, hata kipande kipite chote kikiugusa uzi kwa namna moja.

Ekseli na mizani ya mzigo

Ekseli moja yatosha kwa tela la tani moja, na katika njia zetu zenye makorongo ni bora kuliko mbili, kwa sababu ekseli mbili katika ardhi isiyo sawa hupakiana uzito kwa zamu. Ekseli iliyotumika ya pikapu au ya lori dogo hupatikana kwa mafundi wa barabarani. Ikague isiwe imepinda wala kuchomelewa katikati, badilisha beringi zote mbili hata kama zinaonekana nzima, uzijaze grisi. Chagua habu zinazokubali rimu za gari litakalovuta, ili tairi moja la akiba litumike kwa gari na kwa tela. Kati ya vishikizo vya springi na mhimili weka bati la unene wa milimita 6, urefu wake ukipita kishikizo kwa pande zote mbili, ili mtikisiko usambae na usiudonoe mhimili mahali pamoja.

Swali kubwa ni mahali pa kuiweka ekseli. Mkono wa tela sharti ulemee juu ya gari kwa kiasi cha sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote. Ukilemea pungufu tela huyumba kama mlevi, na ukizidi gari hunyanyuka mbele na usukani ukawa mwepesi. Chukua mfano: fremu, ekseli na kitanda ni kilo 700, na kitovu cha uzito wao kiko mita 3 kutoka mbele ya fremu; kichwa cha mashine ni kilo 300, nacho kimefungwa mita 1 kutoka mbele. Kitovu cha vyote pamoja kitakuwa mita 2.4. Mkono wa tela ukiwa na mita 1.3 mbele ya fremu, nawe ukitaka kilo 120 zilemee kwenye gari, ekseli itakaa mita 2.9 kutoka mbele ya fremu, yaani nusu mita nyuma ya kitovu cha uzito.

Sasa tazama yatakayotokea ikiwa kichwa hakikufungwa, kikateleza nyuma katika mwinuko hadi mita 5 kutoka mbele. Kitovu cha uzito kitahamia mita 3.6, nyuma ya ekseli, na mkono wa tela, badala ya kulikandamiza gari kwa kilo 120, utaliinua kwa kilo 167 hivi. Gari la mbele litapoteza mshiko wa matairi yake ya nyuma papo hapo, katikati ya mlima, na pengine lori lenye kontena likiwa nyuma yako. Kwa sababu hiyo kichwa cha mashine kifungwe mbele kwa pini mbili za chuma zinazopenya fremu, kisha kwa mnyororo. Wala usitegemee breki ya kichwa au kamba ya katani.

Baada ya hesabu, thibitisha kwa vitendo. Azima mizani ile ambayo wanunuzi wa mazao hupimia magunia, iweke chini ya ncha ya mkono wa tela, tela likiwa sawa na ardhi na kichwa kikiwa kimefungwa mahali pake pa safari, usome uzito. Ukipata chini ya kilo 100, sogeza ekseli nyuma. Ukipata zaidi ya 150, isogeze mbele. Ndiyo maana vishikizo vya springi vishikizwe kwanza kwa nukta, na mshono kamili uje baada ya mizani kutoa hukumu yake.

Mkono wa tela na kiungio

Mkono wa tela usiishie kwenye chuma cha mbele cha fremu; upite chini yake hadi kwenye chuma cha pili cha kukingamana, na uchomelewe pande zote mbili. Mkono ulioshikwa na mshono mmoja tu ni mshono unaosubiri korongo. Ukivuta kwa trekta, tumia pete na pini, maana pete huvumilia mzunguko na mporomoko wa njia za shambani. Ukivuta kwa pikapu katika lami, kiungio cha mpira wa chuma wa milimita 50 kinafaa, madhali kiwe na kufuli. Katika hali zote mbili weka minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya mkono, ili kiungio kikiachia mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara. Kimo cha kiungio kilingane na cha gari, tela liende sawa, wala lisiinue pua au kuinamisha.

Tela la tani moja ni afadhali liwe na breki zake. Ikiwa hali haikuruhusu, basi gari la kuvuta liwe zito kuliko tela kwa mbali, na dereva ateremke vilima vya Ngara kwa gia ileile ambayo angepandia.

Miguu

Hapa ndipo tela linapogeuka kuwa kitanda. Unda miguu minane ya skurubu, minne kila upande, na ikiwa chuma ni haba isipungue sita: jozi mbele, jozi nyuma, jozi au mbili katikati. Kazi yake ni kuinua fremu mpaka springi zisiwe na mzigo. Mtu aachaye kitanda juu ya springi anapasulia juu ya kitu kinachocheza: gogo likipanda, kitanda hushuka, kichwa kikisogea, kitanda huinama upande wake, na msumeno, usio na hatia, hulaumiwa.

Mguu hauna maana bila kiatu. Mashine ya kilo 1,000 na gogo la kilo 500 juu ya miguu sita ni kilo 250 kwa kila mguu, tena hapo tumedhania kwamba uzito umegawanyika sawa, jambo ambalo ni nadra. Bati la sentimita 15 kwa 15 litaukandamiza udongo kwa zaidi ya kilo moja katika kila sentimita ya mraba. Udongo uliolowa hautavumilia, nao utaumeza mguu kimyakimya mchana kutwa. Tia chini yake kipande cha ubao mnene wa sentimita 30 kwa 60, na mkandamizo huo utashuka hadi sehemu ya nane. Tembea na vipande hivyo katika sanduku la tela, na chini ya ubao parua majani na udongo wa juu mpaka ufikie ardhi ngumu.

Utaratibu wa kusawazisha ni huu. Zuia magurudumu kwa vigingi. Teremsha miguu ya pembe nne kwanza. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, kama wautumiao waashi, ujaze maji bila mapovu, na ulinganishe pembe mbili mbili mpaka maji yasimame katika alama moja. Kisha kaza uzi wako juu ya reli, na ndipo ushushe miguu ya katikati, mmoja mmoja, hadi uguse ubao na kuchukua uzito kidogo tu. Mguu wa katikati uliokazwa kwa bidii huinua mgongo wa kitanda, na mgongo ulioinuka ni kasoro sawa na tumbo lililoshuka. Asubuhi ya kila siku, na baada ya kila mvua, hasa katika masika, rudia kutazama uzi kabla ya kuwasha injini.

Kupandisha gogo

Kitanda cha chini ni rahisi kupakia na kigumu kuvutwa katika makorongo. Cha juu ni kinyume chake. Sentimita 60 kutoka ardhini ni wastani mwema. Gurudumu la upande wa kupakia lisisimame juu kuliko kitanda, na bati la kukinga matope la upande huo liwe la kuvuliwa.

Magogo hupandishwa kwa kubingirishwa juu ya mihimili miwili ya kuegemeza. Urefu wa mihimili hiyo ni suala la hesabu. Gogo letu la kilo 430 likipanda sentimita 60 kwa mihimili ya mita 2 litataka nguvu ya kilo 129. Kwa mihimili ya mita 3 litataka kilo 86. Tena ipo hila ya wazee wa magogo: funga ncha za kamba mbili kwenye fremu, zipitishe chini ya gogo, zizungushe juu yake, na wavutaji wasimame ng'ambo ya tela. Kwa namna hii gogo lenyewe linakuwa kapi, na nguvu inapungua nusu: kilo 43, kazi ya watu wawili bila kutoa jasho jingi. Upande wa wavutaji simamisha nguzo za chuma za kuzuia gogo lisipitilize, na weka sheria isiyo na msamaha kwamba hapana mtu asimamaye chini ya gogo linalopanda, hata akiwa ndiye mwenye mashine.

Sheria ya miti na sheria ya njia

Nchi hii imekwisha kuona miti ikiisha. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wanaokaribia robo ya milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benako wilayani Ngara, na wengine wakawafuata. Moto wa kupikia wa umati ule pekee ulitosha kuviacha vilima vya jirani vitupu. Mashine inayoingia shambani kwa saa moja ina uwezo wa kufanya madhara ya namna hiyo kwa faida ya mtu mmoja, na ndiyo sababu maofisa hutazama tela lake kwa jicho la pili.

Basi tela hili liwe la miti iliyopandwa na yenye mwenyewe. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ndiyo inayotawala uvunaji, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania pamoja na ofisi ya misitu ya wilaya ndio wa kuulizwa kuhusu usajili, kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mbao. Hata mti aliopanda mtu mwenyewe una utaratibu wake. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na misitu ya hifadhi ya Biharamulo si mahali pa kuegesha mashine ya mbao hata kwa usiku mmoja, maana utajieleza mno.

Kwa upande wa njia, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalihesabu tela kuwa chombo kamili. Lisajiliwe Mamlaka ya Mapato, liwe na namba yake, taa za nyuma, taa za kugeukia na vibandiko vya kuakisi mwanga, vyekundu nyuma na vyeupe mbele. Ukivuta kwa lori lenye mbao, kumbuka kwamba mizani ya Nyakahura itapima lori na tela vyote viwili. Usisafiri na gogo juu ya kitanda: ekseli haikuhesabiwa kwa uzito huo, nawe uliihesabu mwenyewe.

Jaribio la mwisho

Mishono ikiisha kusafishwa, chuma kikipakwa rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi ya mafuta, na mabomba yakitobolewa vitundu vidogo chini ili maji yasilale ndani, vuta tela tupu kilomita chache, rudi ukaze nati zote za magurudumu na bolti zote za springi. Kisha pasua gogo moja la majaribio.

Fundi mgeni huuchukua ubao wa kwanza uliotoka, akaupima kwa furaha, akaukuta sawa mwanzo, kati na mwisho, akatangaza kwamba tela ni zuri. Amedanganyika. Ubao wa katikati ya gogo hukatwa juu na chini kwa njia ileile ya reli, na reli ikipinda, nyuso zote mbili hupinda pamoja. Unene wake utalingana ingawa kitanda ni kibovu. Wa kupimwa ni ubao wa mwisho, ule unaobaki umelala juu ya vyuma vya kitanda, maana uso wake wa chini umenyooka na uso wake wa juu umechorwa na reli. Ukiwa mwembamba katikati na mnene nchani, kitanda kimeshuka tumbo: inua miguu ya kati. Ukiwa mnene katikati, umeikaza miguu hiyo kupita kiasi. Ukiwa mnene ukingo wa kulia upande huu na ukingo wa kushoto upande ule, fremu imejisokota, na pembe moja inadai kusawazishwa. Ikiwa mawimbi yanaonekana katika kila ubao bila mpango, basi liache tela kwa amani, ukanoe msumeno na kukaza ukanda wake.

Andika vipimo vya ubao huo wa mwisho kwa penseli juu ya ubao wenyewe, pamoja na tarehe na jina la shamba, uuweke katika sanduku la tela. Ukifanya hivyo katika kila kambi, utaona katika mbao chache kama ni reli inayolegea, ekseli inayochoka au ardhi ya mahali fulani isiyobeba, na utarekebisha kilicho kibovu bila kugusa kilicho kizima.